Je, Mtunzi Atakiona Kitabu Chake?

Ndugu msomaji, je, umepata kumwandikia barua mtu aliyetunga kitabu ulichokipenda? Wengi wetu tukiulizwa hivyo tutajibu hapana. Kitabu twakisoma, twakisifu, twamwazima jirani, naye jirani hakirudishi. Lakini mtunzi mwenyewe hatumkumbuki. Twadhani ni mtu wa mbali asiyehitaji kitu kwetu. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka mzee mmoja aliponiletea daftari saba.

Mzee huyo ni mtu wa Iringa, katekista wa zamani, aliyehamia hapa Mbeya kukaa kwa binti yake. Siku moja baada ya Misa aliingia katika ofisi ya parokia, akanisalimu, "Kamwene, mwanangu," akaweka mezani daftari saba zilizofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake alikuwa ameandika hadithi ndefu ya jamaa moja ya Uheheni, tangu babu hata wajukuu. Aliniomba niipige taipu ipate kupelekwa kwa wachapaji. Nikakubali. Kisha nikazitia daftari katika droo, chini ya vyeti vya ubatizo, nikaendelea na kazi zangu za ukarani.

Kila Jumapili aliniuliza, "Umefika wapi, mwanangu?" Nami nikamjibu, "Nipo mwanzoni, mzee." Kumbe sikuwa nimeifungua hata ile kamba. Baada ya miezi minane akaacha kuniuliza.

Katika siku hizo nilisoma habari za maisha ya Aniceti Kitereza, nikaona aibu. Yafaa nawe uzijue.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Alisoma katika misioni ya Kagunguli, kisha akapelekwa Seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini, Kijerumani na lugha nyingine. Upadre hakuufikia. Alirudi kwao, akamwoa Anna Katura, akalitumikia Kanisa kwa kufundisha na kutafsiri. Mungu aliwajalia watoto, lakini wote walikufa wangali wadogo.

Mtu huyu aliyesoma vitabu vya mataifa aliona kwamba desturi na maneno ya wazee wake yanapotea, wala hayamo katika kitabu cho chote. Akatunga hadithi kubwa kwa Kikerewe, ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto hata ndoa yao ikatikiswa na maneno ya jamaa. Humo utaona jinsi watu walivyolima, walivyovua samaki, walivyoposa, walivyotibu wagonjwa na kuzika wafu. Nawe ukijua kwamba mwandishi mwenyewe alizika watoto wake, huwezi kuipita kwa haraka hamu ya wale wawili ya kupata mtoto.

Aliimaliza mwaka 1945. Basi sikiliza yaliyofuata. Padre Simard, mmisionari kutoka Kanada aliyemtia moyo, alijitahidi mswada upate kuchapwa, lakini alifariki kazi haijatimia. Wasemaji wa Kikerewe ni wachache, na mchapaji hutazama kwanza nani atanunua. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria wa Marekani, Gerald Hartwig, pamoja na mkewe Charlotte, walikuwa Ukerewe, wakamhimiza kuiandika hadithi yake kwa Kiswahili. Mzee wa miaka 70 na zaidi akaketi, akakiandika kitabu kizima upya! Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa mwaka 1980, nacho kilipigwa chapa China. Mwaka 1981 Kitereza akafariki kabla hajakishika mkononi.

Alingoja miaka 35. Leo kitabu hicho chasomwa hata kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na aliyekitia katika Kiingereza ni Gabriel Ruhumbika, mtunzi wa Ukerewe vilevile. Sifa zote hizo zilimkuta mwenyewe amekwisha lala kaburini.

Labda utasema, "Hayo ni ya Ukerewe; sisi wa Nyanda za Juu Kusini yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Nyumba ile ile ya uchapaji ndiyo iliyotoa, mwaka 1977, riwaya ya C. G. Mung'ong'o iitwayo Mirathi ya Hatari, hadithi ya kijana anayerithishwa uchawi na baba yake. Mambo yake yatokea Njombe, ambayo siku hizo ilikuwa katika Mkoa wa Iringa. Ndiyo kusema vilima vyetu, baridi yetu na hofu zetu vimekwisha ingia kitabuni. Nakuuliza: nyumbani kwako kimo?

Hatuwezi kusingizia kwamba vitu vyote vya kazi hii viko mbali. Misonobari ya Sao Hill yaonekana na kila apitaye njia kuu ya Mbeya na Iringa, na mwaka 1985 kiwanda cha karatasi kilianza kazi Mgololo, Mufindi. Maktaba za mkoa zipo Mbeya na Iringa. Upungufu mkubwa ni wasomaji. Mtunzi husoma miaka mingi kabla ya kuandika, huandika usiku wenzake wamelala, hukataliwa na wachapaji, huanza tena. Akiisha pita huko kote, kitabu chake chaweza kulala dukani mpaka panya wakipate.

Basi tufanyeje? Kwanza, ukiuza viazi au mahindi yako, tenga fedha kidogo ununue kitabu kimoja cha hadithi kwa mwaka, kama unavyotenga fedha ya sare za watoto. Usipoweza, ingia maktaba.

Pili, kisome kwa sauti jioni, baba, mama na watoto pamoja. Bibi asiyejua kusoma naye asikie, maana mara nyingi yeye ndiye ajuaye maana ya neno la zamani lililowashinda wengine.

Tatu, mwandikie mtunzi angali hai. Anwani ya mchapaji huwa katika kurasa za mwanzo. Mwambie kilichokufurahisha na usichokubali. Usiogope kubishana naye. Euphrase Kezilahabi, naye pia mtu wa Ukerewe, alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilizuiwa mashuleni, watu wakakigombania kwa maneno. Baadaye wanafunzi wakaja kukisoma darasani. Mtunzi aliyebishiwa ajua kwamba amesomwa. Asiyejibiwa neno lo lote hajui kitu.

Nami nikaenda nyumbani kwa yule mzee kumwomba msamaha. Hakunikemea. Alisema tu kwamba mtoto wa jicho amemzidi, daftari zake mwenyewe hawezi tena kuzisoma. Maneno hayo yalinichoma kuliko kukemewa.

Tangu siku hiyo napiga taipu kurasa nne kila jioni, na Jumamosi naenda kumsomea zilizokwisha, ili asahihishe. Nimefika daftari ya tatu. Wajukuu walianza kusikiliza mlangoni, sasa wanakaa mkekani. Juzi msichana mmoja alimwuliza, "Babu, mbona yule mama hakurudi kwao?" Mzee akanyamaza kitambo, akacheka, akasema, "Hilo sikuliandika. Karani, shika kalamu."

Kama wachapaji watakubali, sijui. Lakini wasomaji watano wa kwanza amekwisha wapata, naye yu hai kuwasikia. Nawe, ndugu msomaji, tazama vizuri katika droo yako.