Shoga, Somo na Bweni: Urafiki wa Wasichana na Siri za Mapenzi katika Shule za Bweni, Korogwe na Handeni

Kiswahili kina maneno mawili ya urafiki wa wanawake yanayostahili kuangaliwa kabla ya kuingia shuleni. Shoga, kwa maana yake ya awali, ni mwanamke aliye rafiki wa karibu wa mwanamke mwenziwe. Maana mpya iliyolivamia neno hilo imewafanya wasichana wengi kulikwepa. Somo lina mzigo mkubwa zaidi. Ni mtu wa jina moja na mwingine, ni jambo linalofundishwa darasani, na ni mwanamke anayemfunda mwali faragha. Lugha iliweka urafiki na mafunzo mahali pamoja, shule ilivitenganisha.

Utengano huo unadhihirika katika ukanda wa Korogwe na Handeni, nchi ya Wazigua, Wasambaa na Wabondei, ambako kumweka mwali ndani na kumfunda ni desturi ya muda mrefu. Shule ya wasichana ya bweni, mfano wa ile ya serikali iliyopo Korogwe, hufanana kwa sura ya nje na utengo wa mwali: uzio, ratiba, ruhusa ya kutoka, wageni wa siku maalumu. Lakini bweni halina somo. Matroni hulinda mlango. Kufunda si kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyepangiwa kutoka mkoa wa mbali hana shangazi wala bibi wa kumuuliza, hivyo huuliza anayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini, mwenziwe juu.

Hapo ndipo urafiki unapopata uzito ambao kanuni za shule haziuoni. Barua ya mapenzi bwenini ni nadra kuwa na msomaji mmoja. Rafiki huisoma, huificha, hushauri jibu na pengine huliandika yeye kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Kwa hiyo yanayoitwa mapenzi ya shuleni, kwa sehemu kubwa, ni mazungumzo ya wasichana wenyewe kuhusu kijana ambaye hayupo. Kanuni huyaweka yote, barua, zawadi na mimba, katika fungu moja la utovu wa nidhamu.

Gharama ya kuchanganya huko haikuwa ndogo. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zilitaja ndoa na makosa dhidi ya maadili kuwa sababu za kumfukuza mwanafunzi. Mimba haikutajwa kwa jina. Ilisomwa ndani ya neno maadili, na shule nyingi zikawapima wasichana kwa lazima. Marekebisho ya sheria ya 2016 yakaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Rafiki aliyejua alibeba basi siri isiyo na njia njema ya kuitua: kusema kulimkatizia mwenziwe masomo, kunyamaza kulimchelewesha kufika kliniki.

Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito kurejea katika mfumo rasmi. Hesabu ya siri ikabadilika, ingawa si sana: msichana anayerudi hurudi baada ya kujifungua, na miezi ya mwanzo, ambayo ushauri una faida kubwa kuliko wakati wowote, bado imo mikononi mwa msichana wa miaka kumi na saba anayelala kitanda cha juu.