Mchicha Haulipi Kilemba: Mipango ya Jiji na Chakula Kibichi Kariakoo (Sehemu ya Pili)

Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Oktoba ya mwaka huohuo, wamachinga wa Dar es Salaam wakapewa tarehe ya mwisho ya kuondoka barabarani, juu ya mitaro na mbele ya maduka ya watu. Mambo hayo mawili yalizungumzwa mbalimbali: moja likaitwa ajali, jingine likaitwa kupanga jiji. Kwa mama anayenunua fungu la nyanya jioni ili apike usiku huo, lilikuwa jambo moja. Ndani ya miezi michache mlango mkubwa wa mboga na matunda ulifungwa, kisha vijilango vya pembeni vikafuata. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi maghorofa yalivyozimeza nyumba za Kiswahili za Kariakoo. Leo natetea hoja moja tu: mipango ya jiji letu haikitambui chakula kibichi kuwa matumizi ya ardhi yenye haki yake, na ndiyo maana kila mji unapopangwa upya, genge la mboga huwa la kwanza kuondoka.

Tabia hii ina mizizi. Wajerumani, kwa kanuni zao za ujenzi za 1891, waliugawa mji kwa aina ya nyumba, na Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati kwenye maduka, na Kariakoo ng'ambo ya uwazi wa Mnazi Mmoja kwa Waafrika. Kanuni zilitaja kuta na mapaa, hazikutaja rangi ya mtu, lakini kila mtu alijua zinamsema nani. Soko lenyewe, lililoanza kazi mwaka 1923 kwenye jengo lililoachwa na Wajerumani na kutumiwa na kikosi cha wapagazi kilichoupa mtaa jina, liliwekwa kwenye kanda ya tatu. Hivyo kanda iliyonyimwa mengi ikapewa angalau chakula. Miaka ya 1970 Beda Amuli akalichorea soko hilo jengo jipya lenye miamvuli ya zege, linalopitisha hewa na kutoa kivuli, na chini ya ardhi akaweka nafasi ya kupokea mizigo ya jumla. Msanifu huyo alielewa kwamba tenga la nyanya haliwezi kusubiri kama robota la vitenge. Ni uelewa huo ambao mipango iliyofuata imeupoteza.

Tazama Kariakoo ya leo kwa jicho la mwenye nyumba. Fremu moja ya chini, inayotazama mtaa, hugombaniwa na wauza simu, viatu, mapazia, vyombo vya plastiki na nguo za kontena. Anayeitaka hulipa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo na mara nyingi, juu yake, kilemba, yaani malipo ya kupewa nafasi. Bidhaa hizo ni nafuu, na unafuu wake ni neema kwa wananchi. Sina ugomvi nao. Lakini bei ya nafasi hupangwa na anayeweza kulipa zaidi, na muuza mchicha hawezi. Mtaji wake hunyauka kabla jua halijatua. Mzigo wa simu usipouzwa leo utauzwa mwezi ujao. Matembele yasipouzwa leo ni takataka kesho. Ramani ikishaandika "makazi na biashara", imewaweka wawili hao kwenye mzani mmoja kana kwamba wana nguvu sawa, na soko la fremu linamaliza kazi. Muuza mboga anasukumwa nje, kwenye njia ya waenda kwa miguu, na akifika hapo anaitwa mvamizi.

Marekani wameligusa tatizo hili kwa upande wao. Mwaka 2018 baraza la jiji la Tulsa, Oklahoma, liliweka sharti kwamba maduka madogo ya bei nafuu katika eneo la kaskazini mwa jiji yasikaribiane chini ya maili moja, kwa sababu yalikuwa yakijaa vyakula vya pakiti na makopo huku wakazi wakikosa mboga na nyama freshi. Sishauri tuige katazo hilo. Kule watu wengi wana gari na jokofu, na kilichokosekana ni duka kubwa la chakula. Huku mtu ananunua chakula cha siku kwa pesa ya siku, na kilichomlisha miaka yote ni genge lililo hatua chache kutoka mlangoni. Tunachoweza kuchukua ni wazo lililo chini ya sheria ile: kwamba jiji lina mamlaka ya kutofautisha duka na duka kwa kuangalia linauza nini, na kwamba afya ya mlaji ni sababu halali ya kufanya hivyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kiasi hicho hakipatikani kwa semina za lishe iwapo mboga zimehamishwa mwendo wa nauli mbili.

Wapo watakaosema supamaketi zitaziba pengo. Historia yetu ya karibuni haiwaungi mkono. Nakumatt ilinunua maduka ya Shoprite nchini mwaka 2014, na miaka michache baadaye yenyewe ikaanguka. Supamaketi ya Uchumi ilifunga milango yake Tanzania mwaka 2015. Jiji halikulala njaa hata siku moja kwa sababu ya kufungwa huko, maana halikuwa likila kutoka huko. Mtafiti Marc Wegerif, katika tasnifu yake ya 2017 ya Chuo Kikuu cha Wageningen, aliufuatilia mfumo wa chakula wa Dar es Salaam na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mlo wa wakazi hupita kwa wakulima wadogo, masoko na maduka ya mtaani yanayopima kidogo kidogo, kwa bei ambazo supamaketi hazikuweza kuzishinda.

Hoja nzito zaidi ni ya msongamano na usafi, na haifai kupuuzwa. Gari la zimamoto lisilopita ni hatari, na mwenye kiti cha magurudumu ana haki ya njia. Mwaka 2015 kipindupindu kililipuka jijini humu. Lakini vimelea vya kipindupindu hufuata maji machafu na ukosefu wa vyoo. Havimfuati mama lishe kwa kuwa amekaa barabarani. Mhamishe bila bomba na choo, umehamisha tatizo. Mpe bomba na choo alipo, umeliondoa. Kuhusu njia, meza ya mboga huhitaji nafasi ndogo na saa chache, asubuhi na jioni, wakati fremu za nguo zinazotandaza bidhaa hadi nje hukalia njia kutwa nzima. Operesheni isiyotofautisha hizo mbili haijapima kinachoziba barabara. Na kusema "tumewajengea majengo" hakutoshi: ghorofa za juu za Machinga Complex pale Ilala zilikaa miaka mingi zikisubiri wateja, kwa kuwa mnunuzi wa fungu la bamia hapandi ngazi.

Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Pale Kivukoni, kwenye soko la samaki la Feri lililojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, eneo liligawanywa kwa asili ya kazi: mnada mahali pake, wauzaji wa rejareja mahali pao, wakaangaji na mama lishe mahali pao, wote karibu na maji. Lina kasoro zake za uchafu na kubanana, ila msingi wake ni sahihi, kwa kuwa nafasi ilitolewa kwa kufuata kinachouzwa. Kinachowezekana kwa samaki kinawezekana kwa mchicha wa bondeni, nyanya za Ilula na machungwa ya Muheza.

Kariakoo na Kivukoni zote ziko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaipa mamlaka ya kuandaa mipango ya kina ya maeneo yake. Waheshimiwa madiwani, mpango wa kina unaofuata ukiletwa mezani, msikubali neno "biashara" lipite peke yake. Katika kila kundi la mitaa itengwe nafasi ya chini, yenye bomba, choo na kivuli, kwa chakula kibichi tu, kwa ushuru wa siku na bila kilemba, na ilindwe isigeuzwe fremu ya simu. Liandikeni neno genge kwenye ramani.