Ukipewa dakika kumi mbele ya maofisa, utasema nini?

Na Mwandishi Wetu, Jinja

KIMAKA, pembeni mwa mji wa Jinja, inajulikana kwa uwanja wake mdogo wa ndege na kwa chuo cha ukamanda cha jeshi, ambako maofisa wa Uganda wamekuwa wakisoma pamoja na wenzao wa nchi jirani. Vyuo vya aina hiyo vina desturi ambayo mfanyabiashara wa mpakani anaweza kuiazima bila kulipia ushuru. Kabla ya ofisa kusimama kutoa mada, huketi kwanza katika kikundi kidogo kilichochanganywa makusudi: wa vifaa, wa miguu, wa anga, na mgeni kutoka ng'ambo. Mada ikifika ukumbini, hoja zake dhaifu zimekwisha kutobolewa.

Siku hizi wafanyabiashara nao wanaitwa kusema, iwe kwenye vikao vya mpakani, semina za ushirika au maonyesho ya kilimo yanayofanyika hapa Jinja. Mwakilishi hupewa dakika kumi, na mara nyingi zote huishia kwenye malalamiko: ushuru ni mkubwa, maofisa wanasumbua, barabara mbovu. Mwenyekiti anashukuru na kumwita anayefuata. Malalamiko yenyewe huenda ni ya kweli, lakini yametoka kichwani mwa mtu mmoja, na ofisa hapati jambo la kuandika.

Funzo la mahindi

Tukumbuke Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, shehena iwe na cheti cha uasili wa bidhaa, na iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni.

Mtu aliyetakiwa kuwasemea wauza mahindi wakati huo angesema nini? Akibaki na wauzaji wenzake, angesema tu kwamba wameonewa. Akienda kwa mkulima, angeambiwa kwamba mvua ilikuta mahindi yameanikwa chini kwenye udongo, na turubai hakuna. Mwenye ghala angemweleza kuwa mahindi yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5, kiwango cha Afrika Mashariki, hayafai kuwekwa akiba. Dereva angemweleza gunia linavyofukuta lori linapokaa kwenye foleni. Na mpimaji wa maabara angeongeza kwamba kuvu hujificha: sampuli ya juu ya gunia inaweza kuwa safi, ya katikati ikawa na sumu.

Hapo mada imepatikana. Badala ya kusema "mnatuonea", msemaji anaomba maturubai, vipima unyevu kwenye masoko ya vijijini, na upimaji ambao majibu yake yanapatikana karibu na mpaka. Hayo ni mambo ambayo ofisa anaweza kuyakubali au kuyakataa.

Wa kuuliza ni nani?

Anza na watu wasiofanana nawe. Busia, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Februari 2018, wako watu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Wao wanajua mteremko na mlango unaozuia gurudumu, mambo ambayo mwenye gari hayaoni. Muulize mama mwenye mzigo mdogo kama anajua kwamba bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinaweza kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Kama hajui, au amekipata lakini bado anadaiwa karatasi nyingine, hilo peke yake ni mada.

Ukipanda barabara ya Tirinyi hadi Mbale, kaa na wauza kahawa wa Mlima Elgon. Ushirika wa Bugisu ulianzishwa mwaka 1954, na wazee wake wameona bei zikipanda na kushuka mara nyingi.

Lugha isikuzuie. Busia utasikia Kisamia pande zote mbili, Malaba Kiteso, na Lwakhakha Kimasaaba na Kibukusu ambazo ni ndugu. Kiswahili kinawaunganisha wote. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 ulikitaja kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kiwe lugha rasmi.

Kutoka gumzo hadi mada

Usiende na karatasi ya maswali kama karani wa sensa. Salimia, nunua kitu, kisha uliza swali moja: "Mara ya mwisho mzigo wako ulikwama wapi, na ulikugharimu nini?" Swali hilo huleta kisa na hesabu. "Biashara inaendeleaje?" huleta "tunashukuru Mungu", na mazungumzo yanaishia hapo.

Usilibebe neno la mtu mmoja kama ushahidi. Likirudiwa na watatu wasiojuana, kisha wakala wa forodha akalithibitisha, sasa lina uzito. Linda pia waliokuamini. Aliyekueleza kwa nini anapita njia za panya asitajwe jina, soko wala siku. Sema sababu tu. Maofisa wakimtambua, atalipa yeye kwa hotuba yako.

Ukisimama, toa kisa kimoja, hesabu moja na ombi moja. Kisha rudi sokoni uwape jibu wale waliokupa maneno. Usiporudi, mwaka ujao utakuta wamenyamaza, nawe utabaki na malalamiko yako peke yako.