FILAMU BOMBA, BANGO KIMEO!

Wanafunzi wapatia kwenye picha, wachemsha kwenye matangazo

Wiki hii weka pembeni habari za nani kamwacha nani na nani kaonekana na nani. Nina kesi ya filamu, tena siyo ile ya majini na wivu wa mapenzi. Hii ni dokumentari, yaani filamu ya watu wa kweli na kazi zao za kweli, iliyopigwa na wanafunzi wanne wa chuo kimoja hapa hapa Dar. Chuo sikitaji, majina yao siyataji, na jina la filamu nalo naliweka kapuni. Sababu utaiona mbele.

Masela hao, wavulana wawili na mabinti wawili, walipewa kazi ya kufungia mwaka: dokumentari isiyozidi dakika 20, pamoja na matangazo yake matatu. La kwanza bango, la pili tangazo la redio la sekunde 30, la tatu kionjo cha dakika moja cha kurusha kwenye simu. Wakimaliza, watafute mtu wa nje aikague kazi yote na kusema ukweli bila kuoneana haya.

Mtu huyo nikawa mimi. Elimu yangu ya filamu ni ya vibanda vya video tu, kukaa kwenye benchi na kulipa kiingilio mlangoni. Wakasema ndiyo hiyo hiyo wanayoitaka, macho ya mtazamaji wa kawaida. Basi nikajiona matawi ya juu!

FERI, SAA KUMI ALFAJIRI

Filamu inamfuata mama mmoja anayepika chakula pale Feri, jirani na soko la samaki. Inaanza gizani. Hakuna muziki, hakuna msimulizi mwenye sauti nzito wa kutuambia huyu ni fulani bin fulani. Unasikia kiberiti kinawashwa, unaona mkaa unashika moto, halafu uso wa mama unatokea nusu mwekundu kwa makaa. Dakika mbili nzima hasemi kitu. Anapuliza jiko, anaosha mchele, anakuna nazi. Nilidhani nitasinzia. Wapi! Nilijikuta nimesogea mbele kwenye kiti kama naangalia penalti.

Kukicha anaingia mnadani. Wanaume wanapiga kelele, ndoo zinagongana, yeye kasimama nyuma ya watu na kanga kiunoni. Hasemi. Fungu la samaki likifika bei anayoitaka, anainua kidole kimoja tu, basi, mali yake. Dada aliyeshika kamera alichuchumaa chini kabisa, usawa wa ndoo, ndiyo maana tunakiona kidole kile kikubwa kuliko vichwa vya wanaume wote. Hapo nilipiga makofi peke yangu.

Ukifika katikati ndiyo unajua kwamba huyu siyo mama wa kuonewa huruma. Ana mabinti watatu anaowalipa kila siku jioni. Ana daftari la madeni ambalo wapara samaki wanaliogopa kuliko polisi. Anacheza upatu wa watu 12. Kajenga vyumba viwili na sebule kule Mbagala kwa sahani za wali. Analalamika, ndiyo. Mkaa umepanda, mguu unamuuma kwa kusimama, kuna wateja wanaokula na kutoweka. Lakini analalamika kama bosi anavyolalamika, huku anahesabu chenji.

Kasoro zipo, sitawabeba. Sauti imewaangusha vibaya. Pale baharini upepo haulali, na maiki hawakuifunika hata kwa kipande cha sponji, kwa hiyo mpara samaki mmoja anaongea karibu dakika nzima na tunachosikia ni vuuu, vuuu. Pili, wanataja kodi ya eneo lakini hakuna kiongozi wa soko aliyeulizwa, hivyo tunasikia upande mmoja tu. Tatu, mwisho umekatika ghafla kama umeme wa kitaa. Pamoja na hayo yote, naipa 8 kwa 10, na sijahongwa hata soda.

WALIOTANGULIA

Kwa taarifa yako, Dar ina historia na aina hii ya filamu. Mwaka 1992 Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling alitoa These Hands, dokumentari ya dakika 45 kuhusu wanawake wanaoponda kokoto kwenye machimbo ya Kunduchi, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Ile nayo karibu haina maneno. Unaona mikono, nyundo, mawe na watoto. Hakuna anayekuambia ulie au ucheke. Vijana wetu waliniambia waliiangalia kabla hawajagusa kamera, na imeonekana. Huko siyo kuiga kibubusa, huko ni kujifunza kwa mkubwa.

Halafu kuna upande wa pili. Ile filamu ambayo wengi huitaja kama mama wa dokumentari zote ndefu, Nanook of the North ya Mmarekani Robert Flaherty, ilitoka mwaka 1922. Inaonyesha maisha ya Wainuit kwenye barafu ya Kanada. Baadaye ikajulikana kuwa Nanook siyo jina lake halisi, mzee aliitwa Allakariallak. Nyumba ya barafu ilijengwa nusu ili mwanga uingie kamera ipate kuona. Na aliwindishwa kwa silaha za kizamani wakati bunduki walikuwa nazo. Kwa hiyo kupika mambo hakukuanzia kwa hawa wa kwetu. Swali ni moja: ukipika, nani anaungua?

SASA NJOO KWENYE BANGO

Hapa ndipo kasheshe ilipoanza. Bango lina sura ya mama peke yake, nyeusi na nyeupe, machozi yanamtiririka mashavuni. Juu yake neno MACHOZI kwa herufi nyekundu. Ukiliona unasimama, hilo sibishi. Mimi mwenyewe niliposimama nalo nikalipiga picha, nikaliweka kwenye simu yangu ili watu wote ninaofahamiana nao walione, na chini yake nikaandika: andaeni leso. Wakati huo filamu yenyewe nilikuwa sijaiona. Shika hapo, nitarudi.

Tangazo la redio nalo lina kinanda cha msibani na jamaa mwenye sauti ya kutoka kisimani anayeuliza kama mama huyu ataliona jua la kesho. Kionjo kina sekunde 60 bila kicheko hata kimoja: anakohoa kwa moshi, anashika mguu, anafuta jasho, giza.

Siku ya maonyesho ukumbi wa chuo ulijaa mpaka wengine wakasimama. Mama alikuja na mabinti zake wawili, wamependeza kwa vitenge vya sare. Akafika mlangoni, akaliona bango kubwa. Alilitazama muda mrefu. Mwongozaji akamsogelea kwa furaha, "Shikamoo mama, karibu sana." Mama akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu:

"Mwanangu, hapa mimi nakata vitunguu."

Na kweli! Nilipoiona filamu nikakikuta kipande chenyewe. Machozi yanamtoka, anafuta kwa kiwiko, halafu anakitukana kitunguu na kucheka mpaka binti yake naye anacheka. Kwenye bango kisu kimekatwa, vitunguu vimekatwa, kicheko kimekatwa. Wameacha maji ya macho tu.

KUMBE UPATU UMESHAHARIBIKA

Ungesema ni utani, tucheke yaishe. Lakini sikia kilichotokea. Bango lilikuwa limezunguka kwenye simu siku nne kabla ya maonyesho. Likamfikia kijumbe wa ule upatu. Mwezi huo ilikuwa zamu ya mama kupokea, watu 12 kwa shilingi 50,000, yaani 600,000 kwa mkupuo. Ilikuwa ada ya mtoto na bati za chumba cha tatu. Kijumbe akampigia simu kwa upole wote: mwenzetu tumeona hali yako, tumesikia unaumwa, tukikupa sasa kisha ukashindwa kuendelea kuchanga nani atabeba? Akamrudisha mwisho wa foleni, na zamu yake akapewa mwingine.

Ukifikiri, kijumbe hakukosea. Upatu ni imani tu, hauna mkataba. Anayepokea mapema ndiye anayeaminiwa kwamba kesho atakuwepo. Na bango linasema huyu kesho hayupo.

Mama alitueleza haya baada ya maonyesho, bila kupandisha sauti. Mmoja wa mabinti zake akaongeza kwamba wateja wawili walikuja kumpa pole ya msiba. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Maana kati ya waliolisambaza lile bango, mmoja ni huyu anayekuandikia.

"FURAHA HAIUZI"

Kijana aliyetengeneza bango alijitetea. "Kaka, furaha haiuzi. Tungeweka picha anacheka, nani angekuja?" Sikumdharau. Ukumbi ulijaa kweli, na kazi ya tangazo ni kujaza ukumbi. Ila nilikuwa nimekaa nyuma, niliwaona watu. Waliokuja kulia walianza kutoka dakika ya kumi, maana hakuna anayelia. Waliobaki walikuwa wanamsubiri mama aanguke, na kila akicheka wao wanaguna. Yaani bango liliwaletea watazamaji wa filamu nyingine.

Na picha ya kuuza ilikuwepo! Kile kidole cha mnadani. Mtu akiona kidole cha mwanamke kimesimama katikati ya wanaume wanaopayuka, atauliza huyu nani na ananunua nini. Tayari umemkamata, na hujamdanganya.

Mabishano haya yana ukubwa wake. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, dokumentari kuhusu sangara, umaskini na ndege za mizigo pale Mwanza. Ilifika mpaka kuteuliwa kuwania Oscar ya mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga. Wapo waliosema imefichua ukweli, wapo waliosema imeuchafua mji. Siingii humo leo. Ninachosema, mtengenezaji akishaondoka na kamera yake, anayebaki na ile sura ni aliyepigwa picha. Yeye ndiye anayeamka kesho kwenda sokoni nayo.

MAKSI ZANGU

Bango: kwa usanifu nalipa 8, kwa ukweli nalipa 0, gawanya kwa mbili, 4 kwa 10. Tangazo la redio 3, na hizo ni kwa sababu linasikika vizuri kuliko filamu yenyewe! Kionjo 5, picha zake nzuri lakini zimechaguliwa kwa jicho la matanga. Kwa ujumla vijana hawa wamekaanga karanga nzuri sana, halafu wakazifungia kwenye gazeti lililomwagikiwa mafuta ya taa.

Niliwasomea maksi hizo uso kwa uso. Mwongozaji hakubisha. Kesho yake alikwenda Feri kuomba radhi. Mama akamwambia samahani ameipokea, lakini yeye hali samahani. Anachotaka waende kwa kijumbe na filamu nzima, waionyeshe kwa wanachama wote.

Jumapili tukaenda, mimi nikiwemo, tukaweka kompyuta juu ya ndoo uani kwa kijumbe. Ilipofika sehemu ya vitunguu akina mama walicheka mpaka mmoja akadondosha chai. Ilipofika sehemu ya daftari la madeni, kijumbe akasema, "Kumbe ana watu wanamdai yeye au yeye ndiye anayewadai?" Wakamjibu kwa pamoja: anawadai!

Akarudishiwa zamu, lakini ya mwezi unaofuata, kwa kuwa fedha za mwezi ule zilishakwenda. Ada ilibidi akope. Bati bado zinasubiri. Hayo ndiyo malipo ya bango moja, na hayakulipwa na aliyelichora wala aliyelisambaza.

Bango jipya limeshatoka, lina kidole. Jina la filamu limebadilishwa pia, ndiyo maana lile la kwanza nimekataa kulitaja, lisije likaanza kuzunguka tena. Kwa hiyo wewe unayetengeneza filamu, hata kama ni ya harusi ya dada yako, kabla hujachapisha sura ya mtu mpelekee kwanza, mwulize: huyu ni wewe? Akisita, rudi mezani. Na wewe wa kusambaza, uione filamu kwanza ndipo ugawe leso.

Juzi nilipita Feri mchana nikiwa na njaa na aibu kidogo. Nikaagiza wali samaki, nikamtania mama kwamba mwandishi hupunguziwa. Akaniangalia, akachomoa daftari.

"We mtoto, unalipa sasa hivi au nikuandike?"

Nililipa. Tukutane wiki ijayo!