Kutoa Sadaka kwa Hadhari

Tarehe 10 Septemba 2016 nchi ilitetemeka katika Mkoa wa Kagera, Tanzania. Nyumba nyingi zilibomoka mjini Bukoba na vijijini, na watu zaidi ya 10 walikufa. Michango ikamiminika katika akaunti ya benki iliyotangazwa na Serikali. Kabla mwezi ule haujaisha, Rais wa wakati ule, John Magufuli, alitengua uteuzi wa watumishi wawili wa Serikali, kwa tuhuma ya kufungua akaunti ya pili yenye jina lifananalo na la ile ya kwanza.

Twalitaja jambo hili si kwa kuwahukumu watu wale, kwani hiyo ni kazi ya mahakama, bali kwa kuwa laonyesha mahali penye hatari, yaani jina. Mdanganyifu hana haja ya kubuni jina jipya; huazima lile lijulikanalo. Kwa hiyo yatupasa kuilinganisha namba, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyotangazwa na wenyewe, wala si ile tuliyoletewa na rafiki, ajapokuwa mwaminifu. Na tutumapo fedha kwa simu, mara nyingi jina la mpokeaji huonekana kabla hatujathibitisha. Likiwa ni la mtu binafsi tusiyemjua, tusimame hapo.

Yuko na mwingine, abishaye hodi na karatasi ya michango. Juu pameandikwa majina ya wakubwa, huyu shilingi 50,000, yule 100,000. Nasi kwa haya twaingiza mkono mfukoni. Mistari ile ya kwanza aliiandika nani? Kumwomba mtu stakabadhi si utovu wa adabu. Makanisani sadaka huhesabiwa na watu wawili au watatu pamoja, wala hapana aonaye kuwa ametukanwa.

Wengine husema kwamba mkusanyaji akikataa unga na kutaka fedha tu, ni mwizi. Sivyo daima. Nguo na vyakula vyataka gari, ghala na watu wa kuvichambua. Dalili iliyo bora ni haraka: mtu asemaye kuwa mgonjwa atakufa leo tusipotoa, kisha asitaje hospitali. Atajapo, tupige simu huko, tukalipe kwa mhasibu.

Ikiwa fedha imekwisha kwenda, ujumbe usifutwe. Upelekwe polisi, na kampuni ya simu iarifiwe saa ile ile, maana fedha ambayo mpokeaji hajaitoa huenda ikazuiliwa.