Urani Tunayo, Umeme Je?

Kwenye mdahalo wowote wa umeme hapa chuoni hakukosi mtu wa kusimama na kusema: "Urani ipo Namtumbo, ya nini kukaa giza?" Makofi yanapigwa. Ila hebu tuwaangalie kwanza jirani zetu wa Katanga, kule Kongo, maana wao urani waliichimba zamani sana. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, mwaka 1945, ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Leo migodi ya shaba na kobalti ya huko huko inalilia umeme.

Na ina haki ya kulia. Shaba husafishwa kwa kupitisha umeme kwenye matangi ya asidi, usiku na mchana. Umeme ukikatika, kazi inalala. Umeme wenyewe unatoka kwenye mabwawa ya mto Lualaba, na mwingine unasafiri kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga. Kinu cha nyuklia, kisichojali kiangazi, lazima kivutie.

Tatizo ni kwamba urani siyo kuni, uokote uwashe. Ile aina inayopasuka kirahisi na kutoa joto ni asilimia 0.7 tu ya urani ya ardhini. Vinu vingi vinataka asilimia 3 hadi 5, na viwanda vya kuirutubisha viko nchi chache mno. Afrika Kusini inachimba urani na ina kituo cha Koeberg, lakini mafuta ya kinu hicho imekuwa ikiyanunua nje!

Halafu kuna gridi, jambo ambalo kwenye midahalo hatuligusi. Wahandisi hushauri mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi, kwa sababu ukizimika ghafla unaangusha na mingine. Kongo nzima ina mitambo ya kama megawati 3,000. Kinu cha kawaida ni kama 1,000. Piga hesabu mwenyewe.

Vinabaki vinu vidogo, na siyo ndoto: Bilibino, kwenye migodi ya dhahabu kaskazini-mashariki mwa Urusi, vinu vinne vya megawati 12 kila kimoja vilianza kuwashwa mwaka 1974. Mimi bado nina wasiwasi. Kinu kinajengwa kiishi miaka 60, wakati bei ya shaba inapanda na kushuka. Mgodi ukifungwa, deni analipa nani? Tena tayari nyaya kubwa zinapita Kolwezi kuelekea migodini, na nyumba nyingi chini yake hazina umeme. Mkataba wa kinu wakiuandika wenye migodi peke yao, sioni nyaya mpya zitashukaje kwa mama ntilie.