Comuna 13 (Medellín)

Comuna 13 (jina rasmi: San Javier) ni moja kati ya kata 16 za jiji la Medellín, jiji la pili kwa ukubwa nchini Kolombia. Iko upande wa magharibi wa jiji, kwenye miteremko mikali ya bonde la Aburrá, ambalo sehemu yake ya chini iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ina wakazi zaidi ya 100,000. Zamani ilikuwa sehemu ambayo hata wenyeji wa Medellín waliogopa kuikanyaga. Siku hizi ni kati ya sehemu zinazotembelewa sana na wageni nchini, na wengi wao huzungushwa na vijana waliozaliwa na kukulia humo.

Asili ya makazi

Sehemu za juu za kata zilianza kujengwa bila kibali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Waliohamia walikuwa maskini wa mjini pamoja na wakulima waliokimbia vita vya ndani, wengi kutoka Urabá na mikoa ya jirani, wakiwemo Wakolombia wenye asili ya Afrika kutoka Chocó. Walijenga kwa mbao na mabati, baadaye kwa matofali mekundu. Nyumba zilipanda mlimani moja juu ya nyingine, na katikati yake palibaki vichochoro na ngazi za saruji tu. Gari halipiti. Jokofu, mgonjwa na jeneza vyote vilibebwa mabegani.

Miaka ya vita

Mwaka 1991 watu zaidi ya 6,000 waliuawa mjini Medellín, wakati wa biashara ya kokeini ya Pablo Escobar. Wageni wengi hudhani matatizo ya Comuna 13 yalitokana na yeye. Kwa kweli Escobar aliuawa Desemba 1993, na miaka mibaya kabisa ya kata hii ilikuja karibu muongo mmoja baadaye. Sababu mojawapo ilikuwa mahali ilipo: barabara ya kwenda Urabá na baharini hupita upande huo, na aliyeishika milima hiyo aliweza kuangalia njia ya silaha na dawa za kulevya. Vikundi vya waasi wa mrengo wa kushoto viliitawala kwanza, kisha wanamgambo wa mrengo wa kulia wakaja kuwapokonya.

Serikali iliingia kwa nguvu mwaka 2002. Katika operesheni ya tarehe 21 Mei, iliyoitwa Mariscal, raia 9 waliuawa, wakiwemo watoto. Risasi zilipungua wakazi walipotoka nje wakipunga shuka na vitambaa vyeupe. Operesheni kubwa zaidi, Orión, ilianza tarehe 16 Oktoba, ikiwa na askari na polisi zaidi ya 1,000 pamoja na helikopta. Waasi walifukuzwa, lakini wanamgambo walibaki, na katika miezi iliyofuata watu wengi walichukuliwa majumbani mwao wasionekane tena.

Akina mama wa waliopotea walidai kwa miaka mingi kwamba miili ilifukiwa La Escombrera, jalala la vifusi vya ujenzi lililo juu ya kata. Hawakusadikiwa. Kiongozi mmoja wa wanawake wa kata, Ana Teresa Yarce, aliuawa mwaka 2004, na mwaka 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba serikali ya Kolombia ilishindwa kumlinda. Uchimbaji wa mwaka 2024 uliofanywa chini ya mahakama maalumu ya amani ulitoa mabaki ya kwanza ya binadamu mwezi Desemba. Wiki chache baadaye vijana walichora ukutani maneno ya kusema kwamba akina mama walikuwa wakweli. Wafanyakazi wa jiji wakayafuta kwa rangi, nayo yakachorwa upya.

Ngazi za umeme

Medellín ilifungua reli yake ya mjini mwaka 1995. Mwaka 2008 iliongezwa njia ya vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye waya, kutoka kituo cha San Javier kwenda milimani. Tarehe 26 Desemba 2011 zilifunguliwa ngazi za umeme katika kitongoji cha Las Independencias. Ni vipande 6 vyenye urefu wa mita 384 kwa jumla, na kuzipanda ni bure. Zilikusudiwa wakazi, hasa wazee na wanaobeba mizigo, waliokuwa wakipanda mlima kwa nusu saa. Watalii walifuata baadaye.

Matembezi na wenyeji

Kabla ya ngazi hizo vijana wa hip hop walikuwa wameshaanza kuchora kuta. Kikundi kimoja, Casa Kolacho, kina jina la mwanamuziki wa rap wa kata hiyo aliyeuawa mwaka 2009. Kilianzisha matembezi ya kuonyesha michoro, na mapato yakasaidia kufundisha watoto kuchora, kucheza na kuimba. Baadaye vikundi vingi viliiga.

Kwa kawaida kikundi hukutana na kiongozi wake katika kituo cha San Javier, kisha hupanda kwa basi dogo na kumalizia kwa miguu. Mengine hulipiwa kabla. Mengine huitwa ya bure, lakini kiongozi huishi kwa bakshishi, hivyo si ya bure kwa maana halisi. Njiani huuzwa barafu ya embe lisiloiva, iliyotiwa ndimu na chumvi. Wakolombia huliita embe hilo "mango biche", na mtu wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa neno la pili.

Bila mwenyeji, mgeni huona rangi tu. Mfano ni mchoro wa tembo walioshika vitambaa vyeupe. Hakuna tembo wa porini Amerika Kusini, na anayepita peke yake huuona kama pambo. Kiongozi hueleza kwamba vitambaa ni vile vya Mei 2002, na tembo wamechaguliwa kwa sababu husemwa kuwa hawasahau. Wengi wa viongozi walikuwa watoto wakati huo, na huweza kuonyesha dirisha ambalo familia zao zilijificha chini yake.

Biashara hiyo ina matatizo. Vichochoro hujaa, muziki hupigwa hadi usiku, na wakazi hulalamika kwamba hawapati usingizi. Baadhi ya maduka huuza fulana zenye picha ya Escobar, jambo linalowaudhi waliofiwa. Magenge ya mitaani hayajaisha, na wafanyabiashara hutozwa fedha nayo. Aidha, kila kiongozi huamua asimulie nini. Kuna wanaoanza na Orión na La Escombrera, na kuna wanaoruka haraka hadi kwenye ngazi na wacheza dansi, kwa kuwa habari ya furaha huleta bakshishi nzuri zaidi.

Wageni hushauriwa kwenda mchana, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha watu au nyumba, na kutoacha njia kuu bila mwenyeji. Wakolombia wana msemo wa kuonya asiyeficha simu na fedha zake: usitoe papai.